Sindano ya baba haikuwa feki

Kwa miaka miwili daftari la baba lilikuwa na habari njema tu. Nililianza siku alipochomwa sindano ya kwanza ya kuzima homoni ya kiume inayolisha saratani yake ya tezi dume, ile ya tumboni ya kila wiki 12. PSA, kipimo cha damu cha kuifuatilia saratani hiyo, ilikuwa 86. Miezi minane baadaye ikasoma 0.4, mzee akarudi kwenye minazi yake Pangani, analalamikia tu joto linalompanda usiku akaamka ametota jasho.

Kisha ikaja 0.9. Halafu 2.1. Halafu 5.6.

Shangazi akakata shauri papo hapo: tumeuziwa sindano feki. Baba akajilaumu, maana aliwahi kuchelewa siku kumi. Nikaenda na daftari kwa daktari, nikaomba apimwe na testosteroni, ndiyo hiyo homoni ya kiume. Ikatoka 18, ikiwa chini ya 50 huhesabiwa imezimwa. Sindano ilikuwa inafanya kazi. Ni saratani iliyobadilika.

Daktari alimweleza baba hivi: "Mzee, ukipunguza sauti ya redio, anayetaka kusikia husogeza sikio." Seli za saratani huongeza vipokezi, yaani vinasa homoni, zikashiba kwa homoni kidogo mno. Nyingine vipokezi vyake huharibika vikajiwasha vyenyewe. Na hiyo homoni kidogo hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, ambazo sindano haizigusi, au uvimbe hujitengenezea wenyewe.

Akaandikiwa abirateroni, dawa ya kuzuia homoni isitengenezwe hata huko, vidonge vinne kwa siku, pamoja na prednisoloni. Sindano ikabaki palepale. Baba aliona tunamtania: imeshindwa, ya nini tena? Nikamwambia tukiiacha, korodani zitaamka zitengeneze homoni tena, tutapigana pande mbili.

Kazi ngumu ikawa chai. Abirateroni humezwa tumbo tupu, saa mbili baada ya kula na saa moja kabla ya kula tena. Mafuta ya chakula huipandisha kupita kiasi kwenye damu. Na baba bila chai ya maziwa na chapati hajaamka. Tukapata upenyo: anameza akitoka swala ya alfajiri, kwa maji matupu, anasoma Kurani, nami naangalia saa. Ikipita saa nzima, birika linateremka, na prednisoloni anaimezea chapati. Presha nampima mwenyewe, potasiamu, madini ya kwenye damu, tunapima kliniki, kwani dawa hii huweza kuyashusha madini hayo.

Mwezi wa tatu wa vidonge PSA ilisoma 1.3. Shangazi bado anataka tubadilishe duka la dawa.