Simu iko juu ya chaja isiyo na waya, lakini haiingizi

Kwanza hakikisha simu yenyewe ina Qi, yaani mfumo wa kuchaji bila waya. Kisha angalia kichwa cha chaja kinachochomekwa ukutani, maana vingine vinavyouzwa soko la Mwanjelwa, Mbeya, ni vya volti 5 na ampea 1, yaani wati 5 tu. Chaja ya wati 15 hapo inadorora au inakataa kabisa.

Halafu vua kava. Kile kibati cha kunasishia simu kwenye sumaku ya gari ndicho adui mkubwa: uga wa sumaku wa koili (waya uliozungushwa ndani ya chaja) unakipasha moto, simu inachemka, chaji inakatika. Sarafu nayo hivyo hivyo.

Koili ya simu huwa katikati ya mgongo. Isogeze simu taratibu hadi alama ya chaji itulie. Na hata baridi ya Julai ikikolea, usiifunike kwa blanketi. Joto huchakaza betri haraka.