Ukoko wa Detroit

Mama alikataa kuketi mpaka aelezwe kwa nini tumelipa kabla hatujala.

"Na kikija kibaya?" aliniuliza, mkoba kaubana kwapani kama yumo ndani ya daladala ya Bububu saa za jioni.

Nikamwambia ndivyo wafanyavyo hapa. Unaagiza kaunta, unalipa, unapewa kidude, kidude kikitetemeka unakwenda kuchukua chakula chako mwenyewe. Hakuna wa kukuandalia.

"Basi hiyo bakshishi uliyobonyeza ni ya nani?"

Sikuwa na jibu. Mashine ilikuwa imeniwekea asilimia 18, 20 na 22, kijana wa kaunta ananitazama, nami nikabonyeza ya katikati kwa haya tu. Jumla ilifika dola 44. Mama hesabu za kichwa hazimshindi. Alinyamaza kidogo, midomo ikimchezacheza, kisha akasema taratibu, "Laki moja. Kwa mkate."

Ilikuwa Julai 2018, mjini Dearborn, Michigan. Mke wangu alikuwa na siku kumi na sita tangu ajifungue, na Mama alikuwa ametoka Unguja kuja kumlea mzazi. Tangu atue hakuwa amevuka ngazi za nyumba. Alichemsha maji ya kumkanda mzazi, akapika uji wa pilipili manga, akamwogesha mtoto, akasali, akalala. Siku hiyo mke wangu alinivuta pembeni: "Mtoe mama japo kwa saa mbili, nami nilale bila ya kuulizwa kama nimemaliza uji." Nikasema nitampeleka akale piza. Nadhani nilitaka kumwonesha kuwa nimeshakuwa mwenyeji. Miaka saba nilikuwa nikifanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari, njia za mji nazijua, na piza ya huku nilijua hata historia yake, ambayo nilikuwa nimejiandaa kumsomea.

Mkahawa wenyewe ulikuwa na alama ya halali mlangoni, jambo la kawaida Dearborn, na haukujifunga na mtindo mmoja. Ukutani palichorwa ramani, kila mji na piza yake: New York na kipande chake kipana cha kukunjwa, Chicago na ile nene kama bakuli, New Haven, Detroit, na ng'ambo ya bahari Napoli. Mama aliitazama ramani ile kwa muda mrefu. Kisha akauliza Zanzibar iko wapi.

Nilicheka, lakini hakuwa akitania. Mama hana imani na ile inayoitwa piza ya Forodhani. Kwake yeye ule ni mkate wa mayai ulioitwa jina la kuvutia wageni: donge la unga linatandazwa mpaka linaonesha mkono, linatiwa nyama, kitunguu na yai, linakunjwa, linakaangwa juu ya bamba. "Hauokwi," husema, na kwake hapo maneno yamekwisha. Lakini naona alitarajia kwamba Wamarekani, kwa kuwa hawajui, wangeuweka.

Nikaanza somo langu. Nilimwambia kwamba Wataliano ndio walioileta huku, na kwamba New York alikuwapo mtu aitwaye Gennaro Lombardi, ambaye duka lake huhesabiwa kuwa la kwanza la piza Marekani, mwaka 1905. Nikamwambia New Haven alikuwapo Frank Pepe, aliyefungua lake mwaka 1925, na tanuri zao ni za makaa ya mawe, na piza yao iliyosifika haina hata nyanya, ina kombe.

"Kombe gani?"

"Kombe, Mama. Wa pwani. Wanaochokolewa maji yakitoka."

Mama aliweka mkoba mezani kwa mara ya kwanza. "Kombe juu ya mkate," alisema. "Na watu wanalipa?" Alikaa akilifikiri jambo hilo, na kwa hakika sijui kama alikuwa akiwacheka au akipiga hesabu ya biashara.

Tulikuwa tumeagiza tatu. Ya Chicago tuliiacha, maana ile nene yataka zaidi ya nusu saa kuiva. Tukachukua ya Napoli ndogo, kipande kimoja cha New York, na ya Detroit yenye pepperoni ya ng'ombe. Kidude kilipotetemeka juu ya meza Mama alipiga bismillahi na kurudi nyuma. Nilikwenda mara mbili kaunta kuleta vyote.

Sasa niseme kuhusu Mama, ambaye huko Marekani nilikuwa nikimtambulisha kwa wenzangu kazini kwa maneno ya jumla tu, kwamba "anafanya biashara ya chakula." Mama anachoma mkate wa ufuta. Mwaka mzima kwa oda, na Ramadhani kila siku kuanzia alasiri, kwenye baraza ya nyumba. Unga wa ngano, tui, hamira, yai, chumvi. Donge laini la kuvutika, halikandiki kama la chapati. Chuma kinatiwa moto, kinanyunyiziwa maji ya chumvi, unga unatandazwa kwa mkono uliolowa. Ukishashika chini, ndipo penye kazi. Unakipindua chuma chote juu ya makaa, kichwa chini, mkate unaning'inia juu ya moto bila ya kuanguka, unapigwa na moto usoni mpaka unafanya madoa. Kazi yangu ya utotoni ilikuwa kupepea. Mama hana saa wala kipimo. Anauliza moto uko wapi, juu au chini, basi.

Alianza na ya Napoli. Hakuila. Aliinua ukingo kwa kidole, akatazama chini, akatazama juu, akagusa yale malengelenge meusi.

"Hii imepinduliwa," akasema.

Nikamwambia hapana, Mama, tanuri zao haziko hivyo, inaingizwa kwa koleo refu, inaokwa dakika moja au moja na nusu, moto wake unafika nyuzi 485 za Selsiasi. Nilikuwa nimeyasoma hayo. Nilijua hata kwamba UNESCO mwaka 2017 waliuingiza ufundi wa wapika piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

"Nyuzi sizijui," alisema. "Lakini moto umekuja na juu. Tazama madoa. Na katikati maji, kwa sababu wa chini haukupewa muda." Akala kipande, akatikisa kichwa kukubali. "Mchomaji anajua. Ila unga wake hauna tui."

Kile cha New York nilimwonesha kukikunja. Alikikunja, mafuta yakamchuruzika hadi kwenye mkono wa baibui, akakirudisha sahanini. Moto wa chini mtupu, hukumu ilitoka, na mkate mzuri, lakini chakula cha mtu anayekimbilia basi. Hapo alisema kweli bila ya kujua, maana kule New York wengi hukila wakiwa wima.

Kisha ikaja zamu ya Detroit, na mimi nikajiweka sawa, maana hiyo ndiyo niliyoijia. Nikamweleza: mwaka 1946, kona ya barabara za Conant na Six Mile, mtu aitwaye Gus Guerra, kwenye baa yake iliyokuja kuitwa Buddy's, alianza kuoka piza ya pembe nne. Na inasemekana masinia yake ya kwanza yalitoka kwenye viwanda vya magari. Ni yale masinia ya chuma cha samawati ya kuwekea nati na vipuri vidogo. Nilimwambia kwa fahari, kwa sababu masinia ya namna hiyo nayashika kila siku.

"Mwanangu," akasema, "umenileta kula kwenye sinia la misumari?"

Ilikuja nene, jibini imetandazwa hadi ukutani mwa sinia, na rojo la nyanya limemwagwa juu yake kwa mistari, kinyume na piza nyingine. Jibini hiyo huitwa brick, asili yake Wisconsin, ina mafuta mengi. Ikigusa chuma cha pembeni huyeyuka, ikakauka, ikawa kahawia na kugeuka ukuta mwembamba unaokatika kwa mlio. Mimi, kama kawaida yangu, nikachukua kisu nikaanza kuikata ile kingo iliyoungua niiweke pembeni.

Mama alinishika mkono.

"Unafanya nini?"

"Imeungua, Mama."

Aliitwaa, akaivunja, akatia mdomoni. Kimya. Akavunja nyingine. "Huu ukoko," akasema. "Wewe! Huu ukoko!" Sauti ilipanda hadi meza ya jirani wakageuka. "Miaka saba uko hapa unatupa ukoko?"

Na kweli nilikuwa nikiutupa. Kazini wakileta piza ya Detroit, wenzangu hugombania vipande vya pembe, kwa sababu pembe ina kingo mbili. Mimi nilikuwa nikichukua cha katikati nikidhani naonesha adabu, au, niseme wazi, nikiogopa kuonekana mtu wa kukwangua sufuria. Mimi niliyekua nikipigana na dada yangu kwa ajili ya ukoko wa wali wa nazi, tukipimiana kwa mwiko, na aliyepepea moto ndiye aliyechagua kwanza.

"Na chini imekaangwa," Mama aliendelea, ameshaigeuza. "Sinia limetiwa mafuta mengi. Moto wa chini unakaanga, wa juu unaoka. Hawa wana akili." Alikula pembe tatu. Ya nne aliifunga kwa karatasi ya kujifutia, akaitia mkobani, kwa ajili ya mzazi.

Nilidhani tunaondoka. Yeye akainuka akaenda moja kwa moja kaunta, akatoa salamu. Kijana aliyekuwa akichomoa piza tanurini aliitikia "Wa alaykumu s-salaam, khala," naye Mama, ambaye Kiarabu chake ni cha chuo cha Kurani, akaonesha kwa kidole: lile. Nikatafsiri kwa Kiingereza, nikiomba radhi kila sentensi mbili. Kijana alimletea sinia moja tupu lililokwisha kupoa. Lilikuwa jeusi tii, linang'aa. Mama alilipima uzito, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akalinusa.

"Muulize kama wanaliosha kwa sabuni."

Kijana alicheka, akasema si kwa kulisugua, hulifuta tu na kulipaka mafuta, vinginevyo mkate hugandia vibaya.

"Limeiva hili," Mama alisema, na akamrudishia kwa mikono miwili.

Nje jua la saa moja jioni lilikuwa bado linawaka kama la saa tisa, na yeye akalalamika kwamba katika nchi hii hata magharibi inachelewa. Hakusema zaidi ya hapo njia nzima.

Alfajiri niliamshwa na king'ora cha moshi. Mtoto analia, mke wangu amekaa kitandani kashika kichwa, ukumbi mzima umejaa harufu ya ufuta. Jikoni nilimkuta Mama amesimama juu ya kiti, anakipepea king'ora kwa kalenda ya msikiti. Usiku, tulipolala, alikuwa ameumua unga kwa tui la kopo. Alitandaza mkate kwenye kikaango changu, ukaiva chini, akakipindua juu ya koili ya jiko la umeme kama alivyofanya maisha yake yote. Kikaango changu ni kile kisichogandisha, nilikinunua kwa bei kubwa kwa sababu hiyo hiyo. Mkate ulianguka mzima mzima.

Nilifungua dirisha. Mama alishuka kitini, akachukua kikaango, akakikuna kwa ukucha.

"Chuma gani hiki kisichoshika mkate?" akauliza. Kisha, akiendelea kukikuna: "Lile sinia la misumari linauzwa wapi?"