Nilivyochagua swichi ya maingizo kwa priampu ya kujitengenezea

Priampu yangu, yaani kifaa kinachopokea vyanzo vya sauti kabla ya amplifaya, ina maingizo matano ya stereo: kicheza CD, kompyuta, redio, kikuzaji cha santuri na moja la akiba. Mambo ya kuchagulia lipi lisikike ni matatu tu. Kuna swichi ya kuzungusha inayobeba sauti yenyewe, kuna rilei ndogo za mawimbi (swichi zinazovutwa na sumaku ya koili ya umeme), na kuna chipu za swichi kama CD4066. Wengi huzilinganisha kwa kuuliza kontakti ipi ni nzuri zaidi ikiwa imeshika. Mimi nilizipima kwa upande wa pili: ingizo ambalo halijachaguliwa linafanya nini? Kontakti safi ikishika ina ukinzani wa chini ya omu 0.1, na mbele ya mzigo wa kilo-omu 50 huo ni kama haupo. Kontakti iliyoachia ndiyo inayosumbua, maana haiachii kabisa.

Kati ya vipande viwili vya chuma vilivyo karibu kuna kapasita, yaani njia ndogo inayopitisha mawimbi bila vyuma kugusana, upende usipende. Tuchukue pikofaradi 1, makadirio ya kawaida kwa pini mbili jirani pamoja na waya zake. Kwa kilohezi 20, pikofaradi 1 ni sawa na ukinzani wa takriban megaomu 8. Sauti ya redio inapita hapo na kukutana na ukinzani wa chanzo ulichokichagua. Chanzo hicho kikiwa na omu 100, uvujaji unakuwa karibu desibeli 98 chini ya sauti halisi, na hakuna atakayeusikia. Kikiwa na kilo-omu 1 unapanda hadi desibeli 78 chini. Lakini ukichagua ingizo lisilochomekwa kitu, ukabaki na rezista ya kilo-omu 50 peke yake, uvujaji unafika desibeli 44 chini tu. Hapo utasikia "ts ts" ya matoazi ya redio wakati unadhani umechagua ukimya. Swichi ni ileile, ila matokeo yanatofautiana kwa desibeli zaidi ya 50 kwa sababu ya kilichochomekwa nyuma. Ndiyo maana watu wawili wenye swichi moja hubishana bila mwisho.

Kabla ya kuziacha swichi za kuzungusha niseme wazi kwamba zinafaa, hasa kwa maingizo matatu au manne. La kwanza la kuangalia ni mpangilio wa kushika na kuachia. Ziko zinazoshika pini mpya kabla ya kuachia ya zamani. Hizo ni za volyumu ya hatua kwa hatua, ambako mkato wa sekunde ndogo hutoa mlio. Kwa maingizo unataka kinyume chake, iachie kwanza ndipo ishike, la sivyo kila ukizungusha unaunganisha kicheza CD na redio mdomo kwa mdomo. La pili, kama swichi ina nafasi 12 na unahitaji maingizo sita au pungufu, tumia nafasi moja ruka moja, na zile za katikati ziunganishe graundi (sehemu ya volti sifuri ya saketi). Pini yenye graundi kati ya pini mbili za sauti hukata sehemu kubwa ya ile pikofaradi, na ukipita hapo priampu inakaa kimya. La tatu ni dogo lakini hukera: swichi nyingi za plastiki zina washa yenye jino chini ya nati ya mbele, ya kuweka kikomo cha mzunguko. Iweke kabla ya kufunga kila kitu. Na unapolehemu pini zake usikae sana na moto, kwa sababu plastiki ikilainika pini inalegea na swichi itaanza kukatakata baadaye.

Kilichonitoa kwenye swichi ya kuzungusha ni waya. Kitufe kipo mbele na soketi zipo nyuma, kwa hiyo jozi tano za waya wenye wavu wa kinga zinakatiza boksi zima, zikipita jirani na transfoma. Unaweza kuiweka swichi nyuma na kuifikia kwa fimbo ndefu, na ni suluhisho zuri kabisa ukiwa na mkono wa kuchonga chuma. Nilipendelea rilei. Bodi yake inakaa sentimita chache kutoka kwenye soketi, na kinachokuja mbele ni waya za umeme wa koili tu, ambazo hazijali zimepita wapi.

Chipu nilizipima kwenye karatasi na nikaziacha, si kwa sababu ni mbaya. CD4066 ikipewa volti 15 ina ukinzani wa karibu omu 125 ikishika, na tatizo si hizo omu 125 bali kwamba zinabadilika kadiri mawimbi yanavyopanda na kushuka. Zikibadilika kwa omu 20 mbele ya mzigo wa kilo-omu 10, ukubwa wa sauti unayumba kwa asilimia 0.2 ndani ya wimbi lenyewe, na huo ni upotoshaji. Mbele ya kilo-omu 470 unakuwa kama asilimia 0.004. Kwa hiyo anayetumia chipu aweke op-ampu (chipu ya kukuza mawimbi) yenye mlango wa ukinzani mkubwa mara baada yake. Au aiweke chipu kwenye mlango hasi wa op-ampu inayogeuza, baada ya rezista, mahali ambapo volti hazichezi. Sauti ya volti 2 ina kilele cha volti 2.83 kila upande, kwa hiyo umeme wa chanya na hasi 7.5 unatosha bila wasiwasi. 74HC4066 haivumilii huo, msizichanganye. Kilichonikatisha tamaa hasa ni hali ya umeme kuzimwa: chanzo kinachoendelea kupiga kinasukuma sauti ndani ya daiodi za kinga za chipu iliyozima, na kama chanzo hicho kinalisha kifaa kingine pia, nacho kitasikika kimekwaruzika. Rilei ikizimwa inaachia, basi.

Rilei nayo haichaguliwi kwa umbo tu. Rilei ya kuwashia taa au mota ina kontakti za fedha zilizotengenezwa kukata ampia kadhaa, na cheche ndogo ndiyo inayozisafisha. Omron G2R-1, kwa mfano, inataka angalau miliampia 100 kwa volti 5 ili mguso uwe wa kuaminika. Sauti haina nguvu hiyo, kwa hiyo utando mweusi unajijenga polepole na baada ya muda upande mmoja wa spika unafifia mpaka upige boksi kofi. Tafuta rilei ya mawimbi yenye kontakti zilizofunikwa dhahabu, iliyozibwa, ambayo mtengenezaji ameandika kiwango cha chini kabisa cha mzigo. Panasonic TQ2 na Omron G6K-2 zote zimeandikiwa mikroampia 10 kwa milivolti 10. Nilichukua TQ2 ya volti 12, yenye jozi mbili za kontakti za kubadilisha. Rilei ya namna hii iliyong'olewa kwenye kifaa kingine siiamini kwenye sauti: kama iliwahi kukata mzigo mzito, dhahabu imeungua na huwezi kuona kwa nje. Kwa sababu hiyohiyo usiijaribu kwa balbu.

Sasa mpangilio wenyewe, na hapa ndipo rilei inapoishinda swichi. Njia ya kawaida ni kutumia rilei moja kwa ingizo, jozi moja kushoto na nyingine kulia. Inafanya kazi, lakini ukiachia unabaki na ile pikofaradi yako. Mimi nimeweka rilei mbili kwa kila ingizo, moja ya kushoto na moja ya kulia, yaani kumi kwa jumla, na jozi zote mbili za kila rilei zimefuatana kwenye njia moja ya sauti. Kontakti ya kati ya jozi ya kwanza ndiyo kituo cha katikati: rilei ikiwa na umeme kituo hicho kinashika soketi, ikiwa haina kinashika graundi. Kutoka kituoni sauti inakwenda kwenye jozi ya pili, ambayo inashika njia ya pamoja ya maingizo yote rilei ikiwa na umeme na kuning'inia ikiwa haina. Kwa hiyo ingizo lililozimwa linavuja kwanza kwenda kituo ambacho kimelazwa graundi, na kinachobaki ndicho kinachojaribu kuruka pengo la pili. Uzuri wake ni kwamba chanzo chenyewe hakijafungwa graundi. Kinaachwa huru, na mkondo wake hauzunguki kwenye graundi yako. Njia ya shaba kutoka kwenye kontakti hiyo hadi graundi iwe fupi na pana, maana ikiwa ndefu kazi yote inaharibika.

Kuhusu umeme wa koili: TQ2 ya volti 12 inakula karibu miliampia 12, na kwa wakati mmoja zinawaka mbili tu, kwa hiyo regyuleta ndogo inatosha. Koili ina chanya na hasi. Ukiigeuza haivuti, nayo si mbovu. Kwa nini si volti 5, wakati kidhibiti, yaani kompyuta ndogo inayoamuru rilei, kinatumia 5? Kwa sababu ya ULN2003, chipu inayowasha koili kwa amri ya kidhibiti. Ni chipu nzuri, ina njia saba na daiodi za kinga ndani yake, mradi pini ya 9 iende kwenye chanya ya koili. Lakini transista zake hubaki na takriban volti 0.9 zikishika, kwa hiyo rilei ya volti 5 inaona 4.1. Rilei nyingi zimeahidiwa kuvuta kwa asilimia 75 au 80 ya volti zake, yaani 3.75 hadi 4. Inavuta mezani. Boksi likipata joto la ziada la nyuzi 20, shaba ya koili inaongeza ukinzani kwa karibu asilimia 8, zile volti 4 zinakuwa 4.3, na rilei inagoma. Kwa volti 12 inabaki 11 wakati inahitaji 9 au 9.6. Anayeng'ang'ania volti 5 atumie transista za 2N7000 badala ya ULN2003, na daiodi ya 1N4148 kwenye kila koili. Waya wa graundi ya koili urudi moja kwa moja kwenye usambazaji wa umeme, usipite kwenye graundi ya sauti.

Daiodi hiyo huchelewesha kuachia, kwa hiyo kwenye programu ninazima ingizo la zamani, nasubiri milisekunde 20, ndipo nawasha jipya. Rilei ya kunyamazisha kwenye tokeo inafunga kabla ya hapo na kufungua milisekunde 100 baadaye.

Milio ya "pu" wakati wa kubadilisha mara nyingi haitoki kwenye swichi. Kila soketi iwe na rezista ya kilo-omu 220 kwenda graundi, ili kapasita ya tokeo la chanzo isibaki na chaji wakati ingizo limeachiwa. Njia ya pamoja nayo iwe na yake. Kisha angalia op-ampu. NE5532 huvuta nanoampia 200 hivi mlangoni, na kwenye kilo-omu 100 hizo ni milivolti 20 zinazotokea na kupotea kila chanzo kinapoingia na kutoka. Amplifaya inayokuza mara 20 inazifanya volti 0.4 kwenye spika. Weka kapasita ya mikrofaradi 1 kati ya njia ya pamoja na op-ampu, na rezista ya kilo-omu 100 upande wa op-ampu. Mkato wake, yaani pale sauti za chini zinapoanza kupungua, uko kwenye hezi 1.6, na milivolti 20 zinatulia mahali pamoja. Zizuie kwa kapasita nyingine kabla ya volyumu, la sivyo volyumu itakwaruza. Au tumia OPA2134, ambayo mkondo wake wa mlangoni ni pikoampia chache.

Santuri usiilete hapa ikiwa ghafi. Kichwa cha sumaku kinatoa kama milivolti 5, desibeli 52 chini ya volti 2 za kicheza CD, na hakuna mpangilio utakaoficha tofauti hiyo. Ipitie kwanza kwenye kikuzaji chake.

Kupima: lisha volti 2 kwenye ingizo moja, chagua jirani yake uliyoizibia rezista ya kilo-omu 1, na usome tokeo kwa kadi ya sauti ya kompyuta, kwanza kwa kilohezi 1 halafu kwa 10. Uvujaji ukipanda kwa desibeli 20, ni wa kapasita: tazama njia za shaba zinazokimbia sambamba, au kituo cha katikati ambacho graundi yake haijalehemiwa vizuri. Ukibaki palepale kwa masafa yote mawili, acha kulaumu rilei. Kuna kipande cha graundi ambacho maingizo mawili yanakitumia pamoja, na mara nyingi ni ule waya mmoja mwembamba unaounganisha soketi zote nyuma. Badilisha na ukanda mnene wa shaba, upime tena.