Ndege kubwa mbona waiogopa?

Watu waniuliza mbona nimetoka kwa treina, ile ndege ndogo ya kujifunzia, nikarukia ndege ya rimoti ya mabawa ya mita 2, si hatari hiyo? Mi naona kubwa ndo rahisi, yaani kusi ikivuma hapa Mombasa kale kadogo kepesi karushwarushwa huko juu kama karatasi, lakini hii nzito yatulia na waiona vizuri hata ikiwa mbali. Kazi iko kwa kutua. Treina bawa lake liko juu, ukiachia stiki yajinyoosha yenyewe, hii ya bawa la chini yabaki vile ulivyoilaza na ukipunguza mwendo sana kwa kona yaangukia upande mara moja. Na betri zake, lo, bei! Uwanja nao utafute mrefu, mbali na watu na mbali kabisa na njia ya ndege za uwanja wa Moi.