Kuchoma amerisiamu: kasheshe iko karakana, si kinuni

Julai 2024, kinu cha nyuklia cha BN-800 huko Beloyarsk, Urusi, kilipakiwa mafungu matatu ya fito za fueli yenye amerisiamu-241 na neptuniamu-237, elementi za taka ya nyuklia, ili zichomwe, yaani viini vya atomi zake vipasuliwe kwa chembe ziitwazo nyutroni. Kinu hiki hupozwa kwa sodiamu iliyoyeyuka, hivyo nyutroni zake hazipunguzwi kasi kama kwenye vinu vya maji.

Fueli iliyotumika kwenye kinu cha maji bado ni urani kwa karibu 95%. Plutoniamu ni kama 1%. Amerisiamu, neptuniamu na kuriamu kwa pamoja ni kama 0.1% tu, lakini ukishaitoa plutoniamu, hizo ndizo zinazoifanya taka ibaki hatari kwa maelfu ya miaka.

Nyutroni ya polepole ikiigonga amerisiamu-241, mara nyingi humezwa tu, kisha unapata kuriamu-242: taka imezaa taka. Ya kasi nayo humezwa mara nyingi, tusidanganyane, ila elementi zinazozaliwa baada ya kumezwa huko hupasuka kwa urahisi zaidi, na kuriamu-244 hairundikani sana. Mpasuko wenyewe huacha teknetiamu-99 na iodini-129, ambazo nazo hutoa mionzi kwa muda mrefu sana, kwa hiyo shimo la kuzikia taka bado litachimbwa.

Kinachosumbua zaidi ni kuitengeneza hiyo fueli. Amerisiamu huvukizwa upesi na joto. Fueli ya metali ya jaribio la X501, lililofanyika Idaho, Marekani, katika kinu cha majaribio cha EBR-II, ilipoteza karibu 40% ya amerisiamu yake wakati wa kukalibiwa, yaani kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kabla hata haijaonja nyutroni. Metali ikikaa muda mrefu kwenye joto la kalibu, hasara inaongezeka.

Ndani ya kinu inakuja gesi ya heli. Kuriamu-242 (nusumaisha, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni siku 163) huitoa ikioza. Vidonge vya fueli huvimba na shinikizo hupanda ndani ya mrija unaovibeba. Ndiyo maana kidonge hutengenezwa na vitundu, na mrija huachiwa nafasi ya gesi.

Tamaa ya kupakia nyingi nayo ina bei. Ukiichanganya amerisiamu kwenye fueli yote, ishia asilimia chache. Ukizidisha, breki ya Doppler (fueli ikipata joto zaidi, humeza nyutroni zaidi na kupunguza nguvu) inalegea, sodiamu ikichemka nguvu inapanda zaidi, na nyutroni zinazochelewa, zile zinazompa opereta muda wa kukidhibiti kinu, zinapungua.

Kuriamu-244 ni bora ikae ghalani kuliko kuingizwa kwenye vidonge. Joto na nyutroni zake hulazimisha kila kitu kifanywe kwa mikono ya mashine nyuma ya kuta nene, ilhali nusumaisha yake ni miaka 18 tu, na ikioza inakuwa plutoniamu-240, ambayo karakana za MOX (fueli ya oksidi za urani na plutoniamu zilizochanganywa) zimeshaizoea.