Mhakiki wa Pili

Juzi jarida moja limeniletea barua pepe: nihakiki makala kuhusu kutu kwenye vyuma vya baharini, yaani niisome na kutoa maoni kabla haijachapishwa. Nikacheka peke yangu. Na mimi leo ni mhakiki!

Nikaikumbuka ile makala yetu ya zinki, iliyozaliwa Nungwi, chini ya boti. Maji yalikuwa yamekupwa, boti imeegemezwa magogo, na fundi mzee amechutama nyuma yake anakwangua rafadha ya shaba kwa kisu kisicho mpini. Mimi nilikwenda kupima volti tu. Zinki ina volti -0.76, chuma -0.44, shaba +0.34; vikiunganishwa ndani ya maji ya chumvi, chenye volti ya chini kabisa ndicho kinacholiwa, yaani zinki, wenziwe wakasalimika. Mambo ya darasani hayo. Kipande cha zinki kwenye shafti kilikuwa kimebaki nusu, vishimo vitupu, na unga wake mweupe ukanishika vidoleni.

"Maalim, papasa hapa," akaniambia. Rafadha ilikuwa imeota vigamba vigumu, vimeshikamana. Akanipeleka kwenye boti ya pili isiyofungwa zinki: rafadha yake imetobokatoboka, lakini safi. "Ukitia zinki, shaba hailiki, ila inaota. Ukiwacha, haioti, ila inaliwa. Sasa mwenye boti akija kunigombeza, nimwambie lipi?"

Sababu ipo. Shaba inapoyeyuka kidogo kidogo inakuwa sumu kwa vijidudu vinavyotaka kuganda. Ukiizuia isiyeyuke, umevikaribisha. Yeye hayo kayajua kwa kukwangua miaka yote.

Tukaandika, watu wa kemia, wa viumbe vya bahari na wa masuala ya jamii pamoja, maana wafadhili siku hizo walipenda sana sayansi ya kuvuka fani na kushirikisha wananchi. Nikapendekeza fundi awe mmoja wa waandishi. Fomu ya jarida ikataka taasisi yake na barua pepe. Wakubwa wakaamua: atiwe kwenye shukrani, yaishe.

Kisha yakaja maoni. Mhakiki wa kwanza, koma na nukta. Wa pili akaishika sentensi ya vigamba: hili limesemwa na mtu mmoja, leteni chanzo kilichochapishwa au lifuteni. Nikamchimbua Humphry Davy, mwanasayansi wa zamani. Mwaka 1824, kule Uingereza, alichapisha njia ya kulinda shaba iliyofunika matumbo ya manowari kwa vipande vya zinki au chuma. Shaba ikapona kweli, lakini meli zikaota majani na makombe mpaka mwendo ukapungua, mpango ukawachwa. Nikamweka Davy pale alipokuwa mzee wetu. Sentensi ikapita bila neno.

Simlaumu sana yule mhakiki. Neno la mtu mmoja ni neno la mtu mmoja, na pengine leo ningeuliza hilo hilo. Pengine.

Nilimpelekea fundi nakala, nikamfasiria. Alisikiliza mpaka kwa Davy.

"Huyo alikuwa fundi wa meli?"

"Mkemia, mzee wangu."

"Basi hizo manowari nani alozikwangua?"

"Mafundi wa gatini, nadhani."

"Majina yao?"

Nikamwambia twende kwanza tukanywe kahawa.