Nilivyozuia udongo wa kihamba kuhamia kwa jirani

Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo la Kichagga linalozunguka nyumba, kipo Uru, juu kidogo ya Moshi mjini, na kimekaa kwenye mteremko mkali. Zamani kilikuwa kahawa na migomba chini ya miti ya kivuli ya miringaringa na miruka, na ardhi yenyewe ilikuwa imefunikwa na majani makavu. Bei ya kahawa ilipoporomoka miaka ya mwanzo ya 2000, ndugu waliokuwa wakikitunza waling'oa kahawa ya upande wa juu wakapanda mahindi, mistari ikishuka na mteremko. Nilipokabidhiwa, kila masika nilikuwa naangalia maji rangi ya chai ya maziwa yakikimbia katikati ya mahindi. Ule haukuwa uchafu. Ilikuwa samadi ya ng'ombe wetu na rutuba ya miaka mingi.

Jirani wa chini, mzee niliyemwamkia tangu utotoni, aliniita siku moja. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akanionyesha mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, uliojaa matope hadi ukingoni.

"Mwanangu, samadi unaweka wewe, ninayeipata ni mimi. Lakini mfongo huu ni wa wote, na umezikwa."

Watu wengi walinishauri nijenge ukuta wa mawe chini, mpakani. Sikukubaliana nao, na hadi leo sikubaliani. Maji yakifika chini yameshapata mbio na yameshabeba mzigo. Unayavunja nguvu kule juu, yakiwa bado machache.

Bwana shamba wa kata ndiye aliyenifundisha kupima usawa kwa fremu ya herufi A. Unachukua miti miwili ya kama mita 2, unaifunga pamoja juu, miguu unaitanua, kisha unafunga mti wa tatu kati yake. Kutoka kileleni unaning'iniza uzi wenye jiwe. Simamisha, tia alama pale uzi unapogusa mti wa katikati. Geuza fremu, mguu huu ukae pale ulipokuwa ule, tia alama tena. Katikati ya alama hizo mbili, chora ya tatu: hiyo ndiyo usawa. Baada ya hapo unatembeza fremu kukatiza mteremko hatua kwa hatua; mguu mmoja unabaki, mwingine unatafutiwa mahali hadi uzi utulie kwenye alama ya tatu, unapigilia kigingi. Mstari unaotokea haunyooki. Unazunguka vichuguu na mabonde madogo ambayo jicho halikuyaona. Ufuate hivyo hivyo, usijaribu kuunyoosha ili upendeze.

Kwenye vigingi tulichimba mtaro, upana na kina kama sentimita 60, na udongo tukautupa upande wa juu. Ndiyo maana watu huita fanya juu, njia iliyoenea kutoka Machakos, Kenya, tangu miaka ya 1950. Vijana niliowapa kibarua walilalamika, kwa kuwa kutupa udongo chini ni rahisi zaidi. Nilisimamia neno langu. Tuta likiwa juu ya mtaro, udongo unaoteremka unakwama nyuma yake, na mwaka hadi mwaka shamba linaanza kulala tambarare lenyewe.

Juu ya tuta nilipanda majani ya malisho: guatemala, na sehemu nyingine mabingobingo. Mizizi inashika tuta, majani yanakwenda zizini, na samadi inarudi kwenye migomba. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, maana ukame wa Januari na Februari sihangaiki tena kutafuta majani ya kununua. Mwisho wa kila mtaro niliacha mdomo wenye mawe na nyasi, ili mvua ikizidi maji yatoke taratibu.

Masika ya kwanza mtaro mmoja ulipasuka. Fuko alikuwa amechimba chini ya tuta, maji yakaliona tundu. Tuliliziba kwa mawe na udongo wa kichuguu tukishindilia kwa mguu, likashika. Kwingine kote mvua ilipokatika nilikuta mitaroni udongo laini mweusi, mzito, wenye harufu ya majani yaliyooza. Huo ndio uliokuwa ukihamia kwa jirani. Kabla ya vuli tunauzoa kwa koleo na kuurudisha kwenye mashina ya migomba. Kazi hii usiiruke, kwa sababu mtaro uliojaa haukamati tena kitu.

Mzee alikuja kuomba vipando vya guatemala, nikamkatia mzigo. Mfongo umebaki wazi. Sasa tumekubaliana kupima mstari mwingine utakaoanzia kwangu na kuishia kwake, kwa kuwa usawa wa pale unavuka mpaka. Isale, mimea tunayoitumia kama alama ya mpaka, tutaziacha zilipo, mtaro utapita kando yake.